Marehemu Yuko Kazini

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa ya watu kutoka kazini, ikiwa imejaa pomoni. Taa ikazimika, feni ikanyamaza, na jamaa mmoja mwenye tumbo kubwa akaanza kuwaomba msamaha watu wote aliowahi kuwakosea. Kando yake alibanwa mwanamke mwenye gauni la kijani kibichi, mkoba wa vitabu kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa darasa la jioni, ghorofa ya sita, na alikuwa anapanda wakati wenzake wakishuka, kwa sababu lifti ile ilikuwa na tabia ya kumpeleka mtu chini kwanza hata kama anakwenda juu.

"Nyie humo ndani!" ilisikika sauti ya mwanamume kutoka juu. "Mko wazima?"

"Wazima, ila tumepungua!" akajibu mwalimu.

"Mmepungua? Nani katoka?"

"Hajatoka mtu. Tumepungua mwili. Jasho limetumaliza."

Watu wakacheka gizani, hata yule mwenye tumbo akasahau toba yake. Sauti ya juu nayo ikacheka. "Huyo anayejibu ni nani?"

"Mwalimu."

"Basi Ticha, nisaidie kazi. Waambie wasiegemee mlango. Mimi fundi, nakuja."

Milango ilipopanuliwa kwa chuma, ulionekana mwanga, kisha uso wa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu, amepiga magoti juu yao. Akawavuta mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya mwalimu, fundi alisita, akatoa kitambaa safi mfukoni na kukizungusha kwenye kiganja chake chenye grisi.

"Nisije nikaharibu hilo gauni," alisema. "Limekaa mahali pake."

Mwalimu alipandishwa juu na kiatu kimoja. Fundi alishuka mwenyewe kukifuata kile cha pili, akampa, akamwuliza anafundisha nini. Alipoambiwa Kiingereza, aliguna.

"Vitabu vya mitambo hii vyote vimeandikwa kwa hicho Kiingereza chenu. Mimi nasoma picha tu. Ningekuwa nacho, leo ningekuwa msimamizi, si wa kupiga magoti."

"Njoo darasani. Tunaanza upya wiki ijayo."

"Utaniweza?"

"Nimeshindwa na watoto tu. Watu wazima nawaweza."

Alikuja. Alikuja amenyoa, shati jeupe kalipiga pasi mpaka kola ingeweza kukata mkate. Darasa lilikuwa na sheria moja: Kiswahili kinaachwa mlangoni pamoja na miavuli. Kila mmoja alitakiwa asimame ajieleze. Akasimama nesi wa hospitali, mwanamke mnene wa maneno mengi. Akasimama mlinzi wa benki aliyejibu kila kitu kwa "Yes, sir", hata kwa mwalimu. Akasimama binti wa saluni. Kisha fundi.

"I am lift technician," alisema, akitazama ukuta wa nyuma. "I have one daughter. My late wife was very beautiful woman. She was laughing all the time."

Nesi akatoa leso. Na mwalimu akaiweka chaki mezani.

Ni lazima ieleweke kwamba mwalimu alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mpiga chapa, mtu wa mikono yenye wino, na maradhi ya figo yalimla taratibu mpaka akabaki macho na mifupa. Tangu amzike, watu walimwambia maneno mengi mazuri, lakini hakuna hata mmoja aliyejua anachokisema. Sasa hapa amesimama mwanamume mzima, kwa Kiingereza cha kuokoteza, anasema marehemu mkewe alikuwa akicheka kila saa. Alikuwa. Wakati uliopita, na amekitumia kitenzi sawasawa.

Mwalimu akavunja sheria yake mwenyewe. "Pole sana, Fundi," alisema kwa Kiswahili.

Fundi alifungua mdomo. Akamtazama nesi aliyekuwa anafuta macho, akamtazama mlinzi aliyekuwa amevua kofia, akamtazama mwalimu. Akaufunga mdomo. Kisha akasema polepole, "Asante, Ticha."

Juma lililofuata darasa lilimletea kadi ya rambirambi, kila mtu ametia neno lake. Fundi aliipokea kwa mikono miwili na kuishiwa la kusema. Wote waliuheshimu ukimya ule.

Mapenzi yao hayakuanza kwa kishindo. Yalianza kwa simu.

"Ticha wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Utakonda, Fundi. Sauti haina mafuta."

"Basi ongeza maneno, niongeze kilo."

Akafika mahali akawa haketi kusahihisha madaftari kabla simu haijaita. Akanunua gauni jipya la rangi ya zambarau, akajidanganya kuwa lile la zamani limechakaa. Dada yake, aliyekuwa na cherehani sebuleni na macho yaliyoona kila uzi, alimtazama siku moja akasema, "Mdogo wangu, wewe unapendwa. Mtu hanunui zambarau bure."

"Ni rafiki tu, dada. Naye amefiwa."

"Ehe. Mjane kwa mjane. Angalau hamtaulizana maswali ya kitoto."

Na hilo ndilo hasa lililomvuta. Kwa fundi hakuhitaji kueleza. Alimweleza jinsi anavyolala ubavu uleule wa kitanda na kuuacha ule mwingine umetandikwa. Alimweleza jinsi bado anavyonunua sabuni ya kunyolea, kwa kuwa mkono wake umekataa kuiruka dukani. Na alasiri moja, wameketi kwenye benchi la bustani, alimwambia kitu ambacho hata dada yake hakukijua.

"Siku mume wangu alipokata roho," alisema, akiyatazama majani, "nilikuwa nimemuuguza mpaka nimeisha. Wakamchukua. Nikajilaza. Nikalala, Fundi. Nililala fofofo na sikuota chochote. Nilipoamka nilijisikia mwepesi. Tangu siku hiyo najiona kama niliyemsaliti."

Fundi aliushika mkono wake.

"Hata mimi," alisema hatimaye. "Siku ile mke wangu alipoondoka, nililala kama gogo."

Mwalimu alilia kwenye bega lake pale pale, watu wakipita na watoto na mbwa wao, na hakuona haya. Alihisi jiwe alilolibeba peke yake limepata mtu wa kulishika upande wa pili.

Akampeleka hata makaburini. Fundi alipiga magoti akalisugua kaburi la mpiga chapa kwa brashi yake ya kazi mpaka herufi zikatakata. Mwalimu alisimama nyuma na maua. "Na wako amelala wapi?" alimwuliza kwa upole.

"Yuko mbali," alisema fundi, bila kuinua kichwa.

Mwalimu hakumbana. Kidonda cha mwenzio hakichokonolewi.

Kitu kimoja tu kilimkera: mtoto. Fundi alikuwa na binti wa miaka saba aliyeishi siku nyingine kwa bibi yake, mama mzazi wa fundi, na kwa maneno mengi aliyonayo walimwita Chiriku. Mwalimu kila alipoomba kumwona, palitokea sababu. Mara mtoto ana mafua, mara hajazoea wageni. Mwishowe bibi mwenyewe alinyakua simu ya mwanawe.

"Huyu ndiye Ticha? Mwanangu, mbona tunakusikia kwenye simu tu kama redio? Njoo Jumamosi tule. Mimi sitaki kufa sijakuona."

Jumamosi hiyo mwalimu alivaa lile gauni la zambarau, akafunga zawadi: kigauni cha njano chenye mifuko miwili mikubwa, kwa sababu aliambiwa Chiriku huokota vitu. Wakutane kituoni, ndivyo walivyopanga. Lakini fundi alipiga simu akihema.

"Mpenzi, lifti ya hospitali imekwama na mgonjwa ndani. Nakimbia huko. Nisubiri hapo kituoni, tafadhali. Usiende bila mimi."

"Mama yako amenipigia, kanielekeza. Nitamsaidia kupika."

"Ticha, nisubiri. Nina jambo nataka nikwambie kwanza."

"Utaniambia huku tukila," alisema akicheka, na akakata.

Ilikuwa nyumba ndogo safi, pazia za maua, picha za ukoo ukutani. Bibi alimpokea kwa kumkumbatia, akamkataza kugusa sufuria, akamkalisha sebuleni na mjukuu. Chiriku alivaa kigauni cha njano hapo hapo, juu ya nguo zake, akatia vijiko viwili mfuko mmoja na chupa tupu ya dawa mfuko wa pili.

"Umependeza," alisema mwalimu, akimrekebisha kola. Moyo ulimjaa. Akaona neno limemtoka lenyewe: "Mama yako angefurahi kukuona hivi."

"Ataniona."

"Ndiyo, mpenzi wangu. Anakuona. Huko aliko anakutazama kila siku."

Chiriku alikunja uso kama aliyesikia hesabu mbovu. "Hawezi. Yuko kazini. Duka lao la dawa lina dirisha moja, na linatazama ukuta. Atanichukua saa kumi."

Mwalimu alimtazama mtoto kwa huruma iliyomkata maini. Alikuwa amesoma mahali kwamba watoto hujijengea hadithi za namna hiyo. Akanyanyuka, akaenda jikoni macho yamelowa.

"Mama," alimnong'oneza bibi, "mtoto bado hajakubali kwamba mama yake hayupo."

"Hayupo, ndiyo. Ana zamu leo."

"Hapana, mama. Nasema marehemu."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Marehemu nani?"

"Mama yake Chiriku."

"Toba! Mwanangu, usimwitie mtu msiba mchana kweupe! Yule amefanyaje? Asubuhi si nimeongea naye? Nani kakupigia?" Bibi alikuwa ameshashika simu, anamtafuta aliyekufa.

Aliyekufa akapokea. Sauti ya kicheko ikajaza jiko lote. "Mama, mbona unahema? Niko hapo nje, nimetoka mapema."

Akaingia mwanamke mwenye tumbo la miezi saba, koti jeupe la duka la dawa mkononi, viatu vya chini, na uso ambao mwalimu aliutambua mara moja kwa maelezo tu. Very beautiful woman. Chiriku alimrukia. Bibi, ambaye hakuwa na breki, akasema yote kwa pumzi moja: huyu ndiye Ticha wa baba Chiriku, na kaambiwa wewe umekufa.

Mama Chiriku aliangua kicheko. Kisha akaona uso wa mwalimu, na kicheko kikakatika.

"Kaa, dada yangu," alisema. "Kaa chini usije ukaanguka. Alikwambia nimekufa na nini?"

"Hakusema." Mwalimu alisikia sauti yake ikitoka mbali. "Alisema… alisema mke wake marehemu. Mbele ya darasa. Na mimi nikamwambia pole."

"Naye akasema?"

"Asante."

Mama Chiriku alitikisa kichwa polepole. "Huyo ndiye yeye mwenyewe. Tumeachana miaka mitatu sasa, kwa karatasi na kwa amani. Nimeolewa tena, unaona na hali yangu. Hakupigi, halewi, hana wanawake. Lakini hasemi. Unauliza jambo, ananyamaza, unajijibu mwenyewe, naye anaishi ndani ya jibu lako. Nilichoka kujijibu." Akamshika mwalimu goti. "Pole. Na samahani nimecheka. Sikujua kuna mtu ananililia."

Hilo la mwisho lilimwua mwalimu kuliko yote. Alikuwa amemlilia kweli. Alikuwa amemtaja mwanamke huyu katika sala zake, baada ya jina la mumewe.

Fundi alimkuta barabarani, anatembea kuelekea kusikojulikana, mkoba umefunguka. Ovaroli yake ilikuwa imelowa. Alimtazama mara moja tu akajua.

"Ticha, ngoja. Ngoja nikueleze. Lilikuwa kosa la neno."

"Neno gani?"

"Late. Nilitafuta kwenye kamusi usiku wa kuamkia darasa. Iliandikwa kuchelewa, kupitwa na wakati. Nikasema basi, ndoa iliyopita na wakati wake. Mke aliyepita. Naapa sikujua ni marehemu."

Mwalimu alisimama. Na kwa sababu ualimu ni ugonjwa, kitu ndani yake kilikubali: ndiyo, mwanafunzi wa siku ya kwanza angeweza kukosea hivyo. Wengi hukosea hivyo. Kwa dakika moja nzima tumaini lilimshika mkono.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Fundi akanyamaza.

"Usininyamazie. Leo sijijibu. Ulijua lini maana yake?"

"Palepale," alisema fundi. "Uliponiambia pole. Nilipoona nesi analia."

"Na kadi?"

"Nilijua."

"Na bustanini? Niliposema nililala, siku mume wangu anakufa, na wewe ukaniambia hata mimi?"

"Nililala kweli, Ticha. Siku aliyofungasha. Sikukudanganya. Sijawahi kusema neno moja la uongo kwako."

"Ndiyo maana sikuweza kukushika!" Alipaza sauti mpaka muuza magazeti akageuka. "Mimi nilikuvulia nguo za moyo, na wewe ulisimama unatazama. Nilidhani umewahi kuosha mtu asiyeweza kujigeuza. Nilidhani unajua harufu ya chumba kile! Kwa nini? Umeachwa, basi umeachwa. Ungeniambia ningekukimbia?"

"Mtu aliyeachwa," alisema fundi, "kila mtu anamwuliza alifanya nini. Hata mama yangu aliniuliza. Kazini walinicheka mwaka mzima. Halafu siku hiyo watu wote wakaniangalia kama… kama mtu ambaye hakukosea. Na wewe ukaniangalia hivyo. Nikasema nitamwambia kesho. Kila kesho ulikuwa umenipenda zaidi."

Mwalimu akaondoka. Simu iliita njia nzima, na siku zilizofuata iliita mpaka akaipa mto wa kiti kazi ya kuifunika.

Dada yake alisikiliza kisa chote akishona, kisha akainua mguu kwenye pedali.

"Sasa nieleze taratibu, maana mimi sikusoma. Mtu hana mke?"

"Hana."

"Kazi anayo, mtoto anampenda, mama mkwe kashakupikia. Mdogo wangu, wenzako wanaambiwa mke hayupo, na yupo jikoni! Wako kakuambia amekufa, kumbe kaachika. Huo si hata uongo kamili. Mimi ningeshukuru."

"Dada, kaburi la mume wangu alilisugua kwa mikono yake."

Dada akarudi kwenye uzi.

Darasa halikungoja moyo wa mtu. Jioni ya kwanza fundi hakuonekana, na ya pili pia. Ya tatu aliingia akaketi nyuma kabisa, kakonda, shati halina pasi. Mwalimu aliandika tarehe ubaoni, akamgeuzia kisogo. Na hapo nesi, ambaye hakujua lolote, akanyoosha mkono, akaomba ruhusa ya Kiswahili kwa kuwa ana malalamiko.

"Mwalimu, daktari wetu amenikaripia. Mgonjwa alichelewa miadi, nikaandika kwenye ripoti: The late patient was shouting at me. Daktari akaniuliza, huyo marehemu alipiga kelele saa ngapi?"

Darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu peke yake hakucheka, na mwanamume mmoja kule nyuma. Angeweza kusema tutalifikia wiki ijayo. Lakini swali la mwanafunzi ni swali.

Akaandika neno la kwanza. "Late ni kivumishi," alisema, na sauti ikamtii. "Likikaa baada ya kitenzi, the patient is late, mgonjwa amechelewa. Huyo bado anakuja. Mngojeeni. Linaweza pia kuwa kielezi, likaeleza kitendo: he came late, alikuja kwa kuchelewa. Lakini mkilileta mbele ya mtu, my late father, the late patient, huyo haji tena. Mmemzika. Neno ni lilelile, nafasi ndiyo inayoua."

"Maskini mgonjwa wangu," alisema nesi.

"Na kama mtu yuko hai," aliuliza mlinzi, "ila hakuhusu tena? Kama bosi wangu wa zamani?"

Mwalimu aliugeukia ubao. Kisha akaandika neno la pili.

"Former. Nalo ni kivumishi, lakini halijui kukaa kwingine ila mbele ya nomino. My former boss. Huwezi kusema my boss is former. Mtu mwenyewe yuko, anakula, anacheka. Kilichokwisha ni uhusiano." Akapangusa vidole. "Tofauti yao ni kubwa kuliko inavyoonekana. La kwanza linamchukua mtu. La pili linachukua cheo chake tu. Nani atanipa sentensi?"

Aliuliza kwa mazoea, kama anavyouliza kila jioni. Hakutarajia. Kiti cha nyuma kikakwaruza sakafu.

"My former wife is alive," alisema fundi, amesimama wima, mikono ubavuni. "She works in a pharmacy. I said late. First day, I did not know the word. After, I knew. I did not correct." Akawageukia wenzake. "I am sorry. To everybody. To Teacher."

Neno former lilikuwa limekaa mahali pake. Binti wa saluni akamgeukia mwalimu, akauona uso wake, akainamisha macho.

"Lakini nilikuombea!" alisema nesi, machozi na hasira pamoja. "Nilikaa nikakuandikia kadi mwenyewe, mistari minne!"

"Nimeileta," alisema fundi kwa Kiswahili, na akaiweka kadi mezani kwa nesi. Hakuna aliyeinyooshea mkono.

Mwalimu aliwaachia mapema. Fundi alimngojea ukumbini, nje ya mlango, karibu na dirisha lililotazama mji ukiwasha taa zake moja moja. Mkononi alikuwa na kikasha kidogo chekundu, kiko wazi, pete ndani.

"Najua si siku yake," alisema. "Lakini nikingoja siku yake nitanyamaza tena. Nimesema mbele ya watu. Kuanzia leo uliza lolote, nitajibu, hata kama jibu linanivua nguo. Nakupenda, Ticha. Nioe. Yaani… nikuoe. Unaona, hata Kiswahili kimenitoroka."

Siku nyingine angecheka, na karibu acheke. Uso ule ulikuwa umechoka na ulikuwa wa kweli, pengine kwa mara ya kwanza. Mwalimu alinyoosha mkono, akakifunga kikasha taratibu ndani ya kiganja cha fundi.

"Umefanya jambo gumu mle ndani," alisema. "Nimeliona. Na nimekusamehe, usije ukabeba hilo."

"Basi…"

"Ngoja nimalize, Fundi. Mimi nilimpenda mwanamume mmoja. Alikuwa amefiwa. Alijua chumba cha mgonjwa kinavyonuka, alijua aibu ya kulala usingizi siku ya msiba. Nilimwambia mambo ambayo sitamwambia mtu tena. Nimemtafuta ndani yako wiki hizi zote, nimemtafuta hata sasa hivi, ukiongea." Alitikisa kichwa. "Hayumo. Mume wangu nilimlilia, lakini alikuwepo. Huyu namlilia, na hakuwahi kuwepo."

"Nijue mimi, basi. Mimi nipo."

"Upo. Na nina hakika u mtu mwema. Lakini kila ukinishika mkono nitakumbuka bustani, na nitakuwa najiuliza ulikuwa unawaza nini nilipokuwa nalia. Sitaweza kuishi na swali hilo kitandani."

Fundi alitaka kusema, akakosa. Lakini safari hii hakumwachia kimya. Alijilazimisha. "Nilikuwa nawaza," alisema kwa shida, "kwamba nikisema, utauondoa mkono."

"Ningeuondoa," alisema mwalimu. "Halafu ningeurudisha."

Wakatazamana. Kisha mwalimu akashuka kwa ngazi, ghorofa zote, akishikilia reli, na hakuna aliyemfuata.

Hakwenda kwake. Alikwenda kwa dada yake, akapita cherehani, akapita watoto waliokuwa wakigombania kalamu sebuleni, akaingia jikoni. Dada alikuwa anamenya vitunguu. Alimtazama usoni, na maneno yote aliyokuwa ameyaandaa wiki nzima, ya kumtetea yule mwanamume, akayameza.

"Umemkataa," alisema.

"Nimemkataa."

"Na unampenda."

"Sana, dada. Ndiyo balaa lenyewe."

Dada akavuta kigoda kwa mguu. Akamsukumia kisu na nusu ya vitunguu.

"Kaa hapa, kata na wewe," alisema. "Watoto wakiingia, tuwe na cha kusingizia."

Wakakata, bega kwa bega, mpaka bakuli likajaa na kupita kiasi cha mboga ya siku hiyo, na watoto walipoingia kuuliza chakula kinaiva lini, wakamkuta mama yao naye analia.